Kobe Aliyeugua Mara Mia Tatu

Mashine ya kusaga ya Mama Ngurumo ilikuwa na sauti ya kuamsha wafu na kuwafukuza walio hai. Ikiwashwa asubuhi, kuku walisahau kutaga, na mbuzi wa ng'ambo ya mto waliinua masikio wakidhani mvua imekuja. Wapo wanaoapa kwamba siku moja iliguruma hadi jino bovu la mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni likang'oka lenyewe, akarudi nyumbani na unga kichwani na jino mfukoni. Mwenye mashine alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono ya kuchimbia visima. Unga ulimkaa kwenye kope na kwenye nywele, wala hakuna aliyejua kama ana mvi au ana kazi nyingi tu. Akiulizwa umri alijibu, "Umri wangu uko kwenye gunia la chini kabisa. Ukiweza kulifikia, nisomee."

Mashine hiyo ilikuwa ya mumewe, Mzee Kobe. Aliitwa hivyo kwa mwendo wake: mkewe akimtuma chumvi, mboga zilishaliwa chapwa na vyombo vimeshaoshwa ndipo yeye anabisha hodi. Lakini kwa kuwasha mashine hakuwa na mpinzani. Aliukamata mkono wa chuma wa kuwashia, akauzungusha mara mbili, na injini ikaitika kama mtoto aliyelelewa vyema.

Kisha ukaja msumari. Msumari wenye kutu, mfupi kuliko kidole cha mtoto, ulipenya kandambili yake uani kwake mwenyewe. Aliuchomoa, akaumwagia matusi, akaendelea na kazi. Siku ya nane taya zilikaza. Hospitali ilikuwa mjini, mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu, na wanaume wanne walimbeba juu ya kitanda cha kamba. Walipofika mtoni, yule aliyeshika mguu wa nyuma akasema mzigo umekuwa mzito ghafla. Wakamteremsha, wakamtazama. Hawakuvuka.

Mashine ikakaa kimya msimu mzima, maana hakuna mwingine aliyejua kuiwasha. Wanawake wakarudi kwenye vinu. Walitwanga alfajiri, wakatwanga mchana, na wao wakitwanga magugu yaliyapanda mahindi yao kama wezi wanavyopanda ukuta. Mavuno yakawa mabua. Msumari mmoja uliua mtu mmoja na kuzilaza na njaa nyumba sitini. Ndipo mjane akasema basi, akaukamata ule mkono wa chuma. Ukamtupa mara ya kwanza, ukamtupa mara ya pili, mara ya tatu ukamvunja jino. Mara ya nne mashine ikaguruma, na yeye akapata jina.

Mwaka uliofuata kijiji kilijenga zahanati. Hawakungoja hotuba. Walibeba mawe kutoka mtoni, mchanga kwa ndoo, maji kwa madumu, wakasimamisha vyumba viwili na kibaraza. Serikali ikaleta mabati, kabati la dawa na nesi. Nesi alitoka mbali, msichana mwembamba mwenye saa iliyobanwa kifuani, asiyemjua mtu wala asiyejulikana na mtu. Juu ya meza yake akaweka kitabu kikubwa chenye jalada jeusi, na hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Maana katika kijiji kile jina la mtu liliandikwa mahali patatu tu: kwenye kodi, kwenye kesi na kwenye kaburi. Hakuna aliyewahi kuona jina likiandikwa kisha likafuatwa na heri. Na sasa ni kitabu cha wagonjwa! Ukishaingia humo, walisema, ugonjwa umeshajua unapolala. Basi watu wakawa wanapita mbele ya zahanati waliyoijenga kwa mikono yao, wakikohoa, wakichechemea, wakimsalimu nesi kwa adabu zote, na kuendelea na safari.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Ngurumo, kwa kuwa bomba la moshi lilikuwa limemchoma mkono na ngozi inaning'inia. Nesi akashika kalamu.

"Jina, mama?"

Mama Ngurumo akautazama ule wino. Akapekua kichwani mwake, akampata mtu mmoja ambaye hata ugonjwa ungemtafuta mpaka uchoke.

"Kobe," akasema.

Alitoka na bandeji nyeupe na kicheko cha chinichini. Kwenye foleni ya unga akawaambia wenzake, "Mnaogopa nini nyie? Nimetoa jina la marehemu. Ugonjwa ukimfuata utamkuta kaburini, na kwa mwendo wake mpaka anyanyuke kufungua mlango, utakuwa umeshakata tamaa."

Foleni ya unga haijui siri. Kabla mwezi haujaandama, mtoto wa kuhara alikuwa Kobe, bibi wa pumu alikuwa Kobe, bwana harusi mwenye aibu yake alikuwa Kobe. Nesi, mgeni wa watu, akadhani ameletwa kwenye kijiji cha ukoo mmoja, kama vilivyo vijiji vingine. Akawa anaandika tu: Kobe, umri, ugonjwa, dawa. Kobe, umri, ugonjwa, dawa.

Na kijiji kikabadilika bila mtu kupiga vigelegele. Zamani mvua za kwanza zikinyesha, homa iliwahi shambani kabla ya jembe. Mtu alilala siku kumi, na mwenye kumuuguza alikaa naye siku kumi, na magugu hayana huruma, hayaji kumpa mtu pole. Sasa mtu alishikwa Jumatatu, akameza vidonge, na Alhamisi yuko kwenye palizi akigombana na jirani kuhusu mpaka. Mahindi yakawa mengi. Lori la mnunuzi, ambalo zamani lilikuja mara moja kwa mwaka tena kwa kununa, likawa linakuja kila baada ya wiki mbili, na dereva wake akajifunza majina ya watoto. Fundi Cherehani, mdogo wake marehemu, akaongeza cherehani ya pili, kwa sababu watu waliovuna ndio wanaotaka suruali mpya. Mama Ngurumo naye akafunga mkanda mpya kwenye mashine, wa kwanza usiokuwa na viraka vya tairi. Hakuna aliyependa kukumbuka kwamba mafanikio yote hayo yalikuwa yamebebwa na maiti mmoja mwenye mwendo wa pole.

Miaka mitatu ikapita hivyo.

Siku yenyewe ilianza na mawingu. Mama Ngurumo alikuwa na foleni ndefu, na ndani, nyuma ya mashine, juu ya magunia, alikaa binti yake wa mwisho, Kitinda, akichambua mahindi ili asiwaze. Mimba yake ilikuwa imetimia. Alikoolewa hakukuwa hata na kidonge cha kichwa. Uchungu wa mimba ya kwanza ulimkuta huko, wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumkimbiza mjini, na mtoto akafia njiani, kwenye makorongo ya barabara ileile aliyobebwa baba yake, Kitinda akiwa ameshika ubao wa mkokoteni kwa meno. Safari hii alimwambia mumewe, "Mimi nakwenda kuzalia kwa mama. Kwetu kuna mlango wa kubisha." Nesi alikuwa amempima wiki iliyopita, akatoa uso usiocheka. "Mtoto amekaa vibaya, miguu iko chini. Ukisikia uchungu usingoje hata kufunga kanga vizuri. Njoo ulivyo."

Fundi Cherehani akaingia mbio, futi ya kupimia ikipepea shingoni.

"Shemeji! Zima hilo lidude!"

"Una mahindi?"

"Sina!"

"Basi huna la kuniambia."

"Nesi anachukuliwa!"

Mama Ngurumo akasogeza sikio.

"Mkaguzi katoka wilayani na gari," alisema Fundi, akihema. "Kafungua kile kitabu. Anasema kijiji hiki kina mgonjwa mmoja tu, na huyo mmoja kaugua mara mia tatu na kumi na mbili mwaka huu peke yake. Ana miezi mitatu na ana miaka themanini. Kaota meno, kang'oa meno. Kajifungua mara tatu, mara moja mapacha, na kesho yake kaja kuangaliwa busha!"

Wanawake wa foleni wakaangua kicheko, mmoja akaketi kabisa juu ya ndoo yake.

"Chekeni," alisema Fundi. "Anasema hao ni wagonjwa hewa, na kwamba nesi kauza dawa kisha kaandika uongo kufunika. Dawa zinarudishwa wilayani. Mlango umefungwa kufuli na kutiwa muhuri wa lakiri, nesi kaambiwa akae garini, na wanataka kuvuka mto kabla ya mvua."

Kicheko kikafa. Nyuma ya mashine, Kitinda akaita.

"Mama. Maji."

"Yapo mtungini, mwanangu."

"Siyo hayo."

Mama Ngurumo aligeuka. Magunia chini ya binti yake yalikuwa yamelowa. Akafanya jambo ambalo halijawahi kutokea tangu alipopata jina lake: akaizima mashine, mahindi ya mtu yakiwa nusu unga nusu punje. Ukimya ule ulikwenda mbali kuliko sauti. Mashambani watu walinyoosha migongo, wakatazamana, wakatupa majembe. Ng'ambo ya mto mtu mmoja alimwuliza mkewe, "Nani kafa?"

Walimkokota Kitinda, mama upande mmoja na Fundi upande wa pili, na foleni nzima nyuma yao ikiwa imebeba ndoo za mahindi kwa kusahau kuziacha. Kila hatua ishirini Kitinda alisimama, akaikamata futi ya Fundi akaivuta, na Fundi, uso ukimwiva, akasema, "Vuta tu, mwanangu, vuta, shingo ninayo moja lakini vuta."

Mkaguzi alikuwa kibarazani, amesimama juu ya sanduku la dawa kama mwenye kuogopa litakimbia. Mtu wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, viatu vimejaa tope. Aliinama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungua mlango."

"Mlango hauwezi—" Akamwona Kitinda. Akavua miwani. "Dereva! Washa gari. Mama, tutampeleka hospitali ya mjini, kwa gari ni mwendo wa saa tano tu."

"Hatafika!" Nesi alikuwa ametoa kichwa dirishani mwa gari. "Mtoto anatanguliza miguu. Kwenye makorongo yale hatafika hata mtoni."

"Wewe umesimamishwa kazi."

"Nimesimamishwa kazi, bwana. Sijasimamishwa macho."

Watu wakaguna. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi juu ya miti, na upepo ukaanza kugeuza kurasa za kile kitabu cheusi kilichokuwa wazi juu ya benchi. Mama Ngurumo alimlaza Kitinda sakafuni juu ya kanga zake mbili, akabaki amepiga magoti, ameshika mkono wake.

"Baba," alimwambia mkaguzi, na sauti yake iliyozoea kushindana na injini sasa ilikuwa ndogo. "Barabara hiyo naijua. Imeshakula watu wawili wa nyumba yangu. Siipi wa tatu. Fungua mlango huu."

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya; hilo ndilo lilikuwa tatizo. "Mama, nisikilize. Nilikwenda kijiji kimoja nikakuta dawa za watoto zinauzwa sokoni, kwenye sinia moja na karanga. Nesi wa pale naye alikuwa na machozi mazuri sana. Nikamwonea huruma, nikamfungulia mlango mara moja tu achukue sweta lake. Usiku huo daftari likaungua. Nikivunja lakiri hii leo, nitaulizwa kwa nini. Nijibu nini? Kwamba nilimhurumia Kobe?"

"Kobe ni mume wangu."

Mkaguzi akashusha pumzi. "Ahaa! Kumbe yupo. Basi aje."

"Amekufa. Tangu kabla zahanati hii haijachimbiwa msingi."

"Kwa hiyo nesi anatibu maiti."

"Anatutibu sisi. Maiti katuazima jina."

Akamweleza, kwa maneno machache kuliko alivyowahi kutumia maishani, kodi na kesi na kaburi. Mkaguzi alisikiliza, kalamu hewani. Nesi dirishani alifungua mdomo, na ikaonekana wazi usoni mwake kwamba miaka mitatu yote ya ukoo wa Kobe inampitia kichwani mmoja baada ya mwingine.

"Kudanganya kitabu cha serikali ni kosa," alisema mkaguzi. "Mnalijua hilo? Nani aliyeanza?"

Kila mtu akapata kitu cha kutazama. Fundi alitazama vidole vya miguu yake kana kwamba ni wageni. Ingetosha Mama Ngurumo kusema hajui. Watu sitini wangeapa naye kwamba hawajui, na jambo lingekufa kama moshi. Lakini Kitinda alikuwa ameanza kutoa mlio ule usiokuwa na maneno ndani yake.

"Mimi," akasema.

"Utaandika maelezo. Utaweka dole gumba. Na utakwenda kuyarudia mbele ya wakubwa wangu, na siwezi kukuahidi kwamba utarudi leo au kesho."

"Nitakwenda hata kwa magoti. Fungua."

"Neno la mtu mmoja halivunji lakiri, mama. Na wewe ni mzazi wa huyu, ungesema lolote." Alikishika kitabu. "Nitasoma. Mwenye ugonjwa wake ajitokeze, ataje jina lake la kweli. Nikipata watu kumi, nina cha kuandika. Kumi tu."

Akafungua ukurasa wa kwanza kabisa. "Mwanamke, mtu mzima. Kuungua mkono."

Mama Ngurumo akakunja mkono wa gauni, akaonyesha kovu lililong'aa kama ganda la kitunguu. Kisha akalitaja jina lake la kuzaliwa, lote, la kwake na la baba yake, ambalo hata Kitinda hakuwahi kulisikia likisemwa kwa sauti. Kalamu ikaandika. Watu waliitazama kalamu ile kama watu wanavyomtazama nyoka anayeingia nyumba ya jirani.

"Mmoja. Mwanamume, miaka hamsini na miwili. Majipu. Makalioni."

Macho yote yakamwendea Fundi. Wote walikumbuka mwezi ule Fundi Cherehani aliposhona wima, meza ameiinua juu ya matofali, akiwaambia wateja kwamba mafundi wa mjini siku hizi hawakai.

Kitinda akapiga kelele. Mama Ngurumo hakumgeukia shemeji yake. Alisema taratibu, akitazama sakafu, "Kobe alikuwa kaka yako. Umemwachia na majipu yako?"

Fundi akajikohoza. Akasogea mbele hatua moja, mbili.

"Ni yangu," alisema. "Yote sita."

Akataja jina lake. Kalamu ikaandika. Mbingu haikuanguka. Mwanamke mmoja akacheka kwa pua, mwingine akamfuata, na kicheko kile kikalegeza kitu. Bibi wa pumu akajitokeza bila kuitwa mara mbili. Mama wa mtoto wa kuhara akajitokeza. "Mwanamume, ishirini na nne, maradhi ya—" Mkaguzi akainua macho, akasoma kwa sauti ya chini. Yule bwana harusi akainua mkono hadi usawa wa sikio, na mkewe, aliyekuwa nyuma yake, akasema, "Aa. Tutazungumza nyumbani."

"Watano. Kukatwa na jembe, mguu wa kushoto."

"Mimi!"

"Sita. Homa, msichana, miaka tisa."

"Wangu huyo!"

Walifika tisa. Tisa ilikuja upesi, na upesi ule ukawapa matumaini mabaya.

"Mjamzito. Mapacha."

Watu waligeuka huku na huku. Mama wa mapacha alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kwa mamake. Kila mtu alijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kusema.

"Ruka!" alisema Fundi. "Soma mwingine! Mimi nina jino pia, soma jino!"

Mkaguzi akafunua, kurasa mbili zikashikana, akalamba kidole. Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya wino. Mama Ngurumo, amepiga magoti, akainua kanga ya binti yake, akatazama, na wote waliokuwa karibu wakaona uso wake ukigeuka majivu chini ya unga.

"Mguu," akasema. "Mguu umetoka."

Nesi alishafungua mlango wa gari na hakuna aliyemzuia. Alikuwa juu ya kibaraza, mikono mitupu ameinyoosha mbele, anamtazama mkaguzi. Mkaguzi aliangalia kitabu. Akauangalia ule mguu, mdogo, wa rangi ya zambarau, usiotikisika.

"Kumi," akasema mkaguzi, aliyesoma hesabu kuliko wote waliokuwepo pale, na akaivunja lakiri kwa mikono yake, kufuli ikafuata.

Ndani kulikuwa na kitanda kimoja chenye mpira mwekundu, beseni, na kabati ambalo Nesi alilifungua bila kutazama. Mvua iliangukia mabati mara moja, yote kwa pamoja, kiasi kwamba maneno yakawa ya kupigiwa kelele sikioni.

"Shika magoti yake, mama! Usiyaachie hata akikutukana!"

"Anitukane tu!"

"Kitinda, usisukume! Bado! Mwili unakuja wenyewe. Ngoja. Ngoja!"

Mama Ngurumo alikuwa ameona watoto wengi wakizaliwa, na wengi alikuwa amewavuta mwenyewe. Angekuwa peke yake angevuta. Mikono yake ya kuchimbia visima ilikuwa inataka kuvuta. Nesi hakuvuta. Alisubiri, mikono ameiweka chini kama mtu anayengoja kupokea maji, na mwili ukashuka kidogokidogo, miguu, kiuno, mgongo. Kisha akauzungusha polepole, mkono mmoja ukatoka, ukatoka na wa pili. Kichwa kikabaki ndani.

Hapo dunia ilisimama. Nesi aliulaza mwili ule juu ya mkono wake, akaingiza kidole, akautafuta mdomo, akainamisha kidevu. Jasho lilimtiririka hadi kwenye saa ya kifuani. "Sasa," alisema, wala hakupiga kelele. "Sukuma sasa, dada yangu. Sukuma kama unamsukuma mtu mbaya mtoni."

Kitinda akasukuma.

Mtoto alitoka kimya. Nesi akakata kitovu, akampangusa, akamfuta mdomo, akamsugua mgongo. Kimya. Akampulizia mara moja, mara mbili, kifua kile kisichozidi kiganja kikainuka na kushuka kwa pumzi ya mtu mwingine. Mama Ngurumo aliendelea kushika magoti ingawa hakuna aliyemwambia tena. Alihesabu mpaka kumi, akarudia, maana hapo ndipo hesabu zake zilipoishia. Mara ya tatu hakufika nne. Mtoto alikohoa, akakunja uso kwa hasira, akalia.

"Bado mama yake," alisema Nesi, ambaye hakupoteza hata muda wa kutabasamu. Damu ilikuwa inatoka nyingi, ikidondoka kwenye beseni kwa mfululizo. Akachukua sindano kutoka kwenye kasha la baridi ambalo mkaguzi alikuwa hajalitoa nje, akaichoma pajani, akaweka ngumi juu ya tumbo la Kitinda na kulikanda. Walitazama beseni, wote wawili. Mfululizo ukawa matone. Matone yakawa tone. Kitinda akafumbua macho.

"Analia vibaya," alisema. "Kama mashine yako."

Nje mvua ilikuwa imeshamwaga ilichokuwa nacho. Mto ulisikika kutoka pale, ukivingirisha mawe. Gari lisingevuka leo wala kesho. Kibarazani watu hawakuondoka. Walijipanga mstari wao wenyewe, ndoo za mahindi zikiwa miguuni, na mmoja mmoja wakainama kwa mkaguzi na kumwambia mwezi, ugonjwa na jina, wengine sikioni, wengine kwa majivuno, maana ilishakuwa mashindano. Mzee mmoja alidai homa saba na kitabu kilimjua kwa nne tu, akabishana sana.

Giza likianza kuingia mkaguzi akabisha hodi. Aliingia na karatasi na kidau cha wino, akasimama mbali na kitanda kama mtu mwenye haya. Mama Ngurumo alikuwa kwenye kigoda, mtoto kifuani, ameushika ule mguu uliotangulia kuja duniani. Ulikuwa umepata rangi.

"Mama, yale maelezo. Nimepata majina mia moja na arobaini, na dawa nimezihesabu upya. Nesi hana kosa. Zahanati haifungwi. Lakini wewe lazima niende nawe mto ukishuka. Siwezi kuwaficha wakubwa."

"Sijakuomba ufiche. Nisomee. Sikusoma, lakini sikuzaliwa jana."

Mkaguzi akasogeza karatasi kwenye taa, akasoma polepole. Alikuwa ameandika vizuri, kama watu walivyomsimulia kibarazani: msumari, mashine, lori la mnunuzi, Kobe. Akafika mwisho. "Wanakijiji hawa walificha majina yao kwa sababu ya ujinga—"

"Simama hapo. Futa."

"Nifute nini?"

"Ujinga. Mjinga ni asiyejua dawa iko wapi. Sisi tulijua, tukajenga, tukaja, tukanywa, tukapona, tukalima. Andika woga. Woga tulikuwa nao, huo niwekee."

Mkaguzi aliangalia karatasi yake safi, aliyoiandika kwa saa nzima bila kosa. Akatoa kalamu, akakata neno kwa mstari mmoja, akaandika jingine juu yake. Kisha akapiga magoti sakafuni na kidau chake, kwa sababu Mama Ngurumo hakutaka kuuachia ule mguu, na yeye akamtolea mkono wa pili, dole gumba likiwa limenyooka.